MALISHO NI NJIA
Kuchora ramani ya nchi inayobadilika pamoja na wanaoipita

(Maneno yaliyosemwa na mchungaji mgeni mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika kilele cha Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Walionitangulia wamekwisha kusimulia vema habari za waanzilishi, za majengo na za kwaya. Mimi nimeombwa niseme juu ya ardhi, na hasa nyanda za malisho zinazotuzunguka, kwa kuwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya kati ya wafugaji. Nimekubali kwa furaha. Ila naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo, ng'ambo ya bahari, katika kijiji cha Tumbe kisiwani Pemba.

Swali la Tumbe

Mwaka jana nilikaa Tumbe siku chache, nikiwa mgeni wa ndugu yangu anayefundisha shule huko. Tumbe ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Watu wake karibu wote ni Waislamu, nao walinipokea kwa ukarimu ambao sitausahau. Asubuhi vyombo hutia pwani, samaki hunadiwa, na dagaa huanikwa juani.

Ng'ombe nao wapo Tumbe, lakini si kama hawa wetu. Niliowaona, kila mmoja alikuwa amefungwa kamba, na mwenyewe alimhamisha alipokwisha kula majani yaliyomzunguka. Kisiwa kizima hakifiki kilomita za mraba 1,000, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba mengi yaligawiwa kwa wananchi eka tatu tatu. Katika nchi ya namna hiyo, urefu wa kamba ndio mpaka wa malisho. Mtu aliyelelewa huko akitazama tambarare zetu, ni vigumu kumlaumu akidhani kwamba mahali pasipo na ng'ombe leo hapana mwenyewe.

Lakini wavuvi wa kijiji hichohicho walinifundisha jambo lililo kinyume kabisa. Alasiri moja niliketi pwani na mzee mmoja mvuvi, nikamwomba anioneshe eneo lao la kuvulia. Akaokota kijiti, akachora mchangani. Hakuanza na ufuko kama ambavyo ningeanza mimi. Alianza na upepo. Akaweka upande mmoja mahali pa kuvua wakati wa kaskazi, na upande mwingine mahali pa kuvua wakati wa kusi. Kisha akachora mbali zaidi safari za dago, yaani kambi ambazo wavuvi wa Pemba huzipiga kwa majuma mengi ugenini, mpaka pwani za Tanga na za Kenya. Nilipomwuliza mpaka wa bahari ya Tumbe uko wapi, naye aliniuliza: Mwezi gani?

Ndugu zangu, nilinyamaza. Swali hilo la maneno mawili ndilo ambalo mimi, mwenye shahada kutoka Chuo cha Theolojia Makumira, sikuliuliza mwaka 1989. Na kwa sababu sikuliuliza, watu waliumia.

Maneno mawili niliyoyaandika

Mwaka huo nilikuwa mchungaji kijana katika sehemu ya wafugaji ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa kiangazi. Walikuja watu wa kupima kijiji na kugawa matumizi ya ardhi, nao wakanialika niwasaidie kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika na kwa kuwa watu walinisikiliza. Tulikaa ofisini siku mbili. Wazee wa wafugaji hawakuwapo. Walikuwa ronjo pamoja na mifugo yao, mwendo wa siku tatu kutoka pale. Tuliona si vema kuchelewesha kazi kwa ajili yao.

Upande wa mashariki palikuwa na eneo kubwa lenye nyasi ndefu, ambalo hatukuona humo boma wala nyayo za ng'ombe. Mmoja wetu akauliza tuandike nini. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nikaandika: "Eneo lisilotumika."

Eneo lile lilikuwa akiba. Wazee walikuwa wamelifunga tangu zamani ili nyasi zisimame, lisiguswe mpaka mwaka wa shida. Kutokutumika kwake ndiko kulikokuwa matumizi yake. Lakini karatasi ikasema halitumiki, na miaka iliyofuata likagawiwa kwa wakulima, watu wema waliohitaji ardhi kama mtu yeyote, waliopewa kwa halali wasilijue lililotangulia. Ukame wa mwaka 1997 ulipofika, wafugaji wakahamisha ng'ombe kuelekea kwenye akiba yao kama baba zao walivyofanya. Wakakuta mahindi. Yaliyotokea usiku ule sitayaeleza yote. Nasema tu kwamba nilizika vijana wawili juma moja, mmoja mwana wa mfugaji na mmoja mwana wa mkulima, na wote wawili nilikuwa nimewabariki kipaimara.

Hakuna aliyenishtaki. Wengi wa wale hawajui hata leo ni nani aliyeandika maneno yale. Nimeona niyaseme katika Jubilei hii kwa sababu kitabu cha kumbukumbu kisichotaja deni lolote hakijakamilika.

Wala msidhani kwamba jambo hili lilikuwa la kijiji kimoja. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika Wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Wilaya ya Kiteto imemwaga damu kwa ajili ya ardhi zaidi ya mara moja, hata mwaka 2014. Na mwezi Juni 2022, huko Loliondo, kazi ya kuweka vigingi vya kutenga kilomita za mraba 1,500 iliandamana na mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa na wananchi walijeruhiwa. Sikuja hapa kuhukumu kesi. Nataka tuone tu kwamba mstari wa ramani una uzito kuliko kalamu iliyouchora.

Mistari iliyochorwa mbali

Zamani hizo za mistari tunazishiriki na ndugu zetu wa Pemba. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya. Zilimtambulia Sultani wa Zanzibar visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Na katika mapatano hayohayo ukachorwa mstari kutoka Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukipinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro. Mstari ule ulipita katikati ya malisho ya Wamaasai. Hapakuwapo mfugaji hata mmoja wa kuuliza ng'ombe watanywa wapi kiangazi.

Miaka sita baadaye, mwaka 1892, Mwustria Oscar Baumann alisafiri katika nchi ya Wamaasai akiandika na kupima, akafika hata Ngorongoro. Ilikuwa miaka ya sotoka, ugonjwa ulioua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Baumann aliwakuta watu waliodhoofika kwa njaa, naye akayaandika aliyoyaona. Mtu huyohuyo alikuja kuandika kitabu juu ya kisiwa cha Pemba, kilichotoka mwaka 1899, mwaka aliofariki. Alikuwa mtu wa bidii, wala simtukani. Lakini tufikiri: nchi iliyopimwa wakati ng'ombe wamekufa na wenyewe wametawanyika itaonekanaje kwenye karatasi? Itaonekana tupu. Ramani ya mwaka wa msiba, ikisomwa na mtu asiyejua mwaka huo, huufanya msiba uwe hali ya kawaida.

Kwa hiyo neno langu kuu leo ni hili. Malisho si kiwanja. Malisho ni njia na majira. Anayetaka kuyachora sharti achore pamoja na wale wanaoipita njia hiyo, aandike na majira aliyochora, kisha awe tayari kuchora tena.

Namna inavyofanyika

Je, kazi hiyo inawezekana? Naam, imekwisha kufanyika. Huko Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wazee wa Kiborana wanaosimamia malisho, ambao kwao huitwa jarsa dedha, walichora ramani za nchi yao wakishirikiana na wataalamu. Baada ya mwaka 2010 kazi ya namna hiyo ikafanyika pia kwetu Tanzania, katika Wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro.

Utaratibu wake si mgumu kueleza. Kwanza watu hukutana chini ya mti, na ramani huchorwa ardhini kwa majivu, mawe, vijiti na majani. Jiwe ni kisima, majivu ni mahali pa chumvi, kijiti ni pito la mifugo. Hapo hahitajiki mtu aliyesoma. Anahitajika mtu aliyetembea. Wazee huonesha malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na akiba ya mwaka wa ukame. Vijana wanaochunga mbali huonesha njia na hatari zake. Na wanawake wasiachwe nyuma, kwa maana ndama, mbuzi wanaonyonyesha na maji ya nyumbani vi mikononi mwao. Malisho ya ndama yaliyo karibu na boma, ambayo Wamaasai huyaita olopololi, mtu wa kuyaeleza vizuri ni mama anayekamua.

Hatua ya pili, picha ya nchi iliyopigwa na setilaiti huoneshwa ukutani au kwenye shuka jeupe. Wazee husogea, hunyosha fimbo, na kusema: hapa ndipo mto unapokauka kwanza, hapa maji yana magadi, hapa zamani palikuwa na nyasi na sasa ni vichaka. Fundi huandika kila neno mahali pake. Hatua ya tatu, watu huenda kwa miguu na kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma longitudo na latitudo, wahakikishe kisima kilichotajwa kipo kweli mahali kilipotajwa. Mwisho ramani hurudishwa mkutanoni, isomwe, ibishaniwe na kusahihishwa. Ramani isiyobishaniwa na mtu yeyote, nina mashaka nayo; huenda wenyewe hawakuwapo.

Jicho la juu na jicho la chini

Wako wasemao kwamba siku hizi setilaiti zinaona kila kitu, basi kuna haja gani ya kuwasumbua wazee? Ni kweli kwamba vyombo hivi ni msaada mkubwa. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure. Kwa hizo tunaweza kulinganisha bonde moja katika miaka zaidi ya 50, tuone lambo lilivyojaa tope, mashamba yalivyopanda mlimani na vichaka vilivyofunika tambarare.

Lakini jicho la juu huona rangi ya kijani tu. Halijui kama kijani hicho kinalika. Katika Baringo nchini Kenya ulipandwa mti wa kigeni ambao wenyeji huuita mathenge, kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Ukaenea mpaka ukafunika malisho ya watu wa Ilchamus, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Katika miaka ya 2000 watu hao walikwenda mahakamani Nairobi pamoja na mbuzi asiye na meno, awe ushahidi wao. Kwa picha ya setilaiti, nchi yao ilikuwa imestawi. Kwa kinywa cha mbuzi, ilikuwa imekufa.

Chukueni na mfano wa nyumbani. Kwenye nyanda za nyasi fupi za Ngorongoro na Serengeti, nyasi huwa nzuri sana mwezi wa pili na wa tatu. Mtaalamu anayetazama picha atauliza kwa nini ng'ombe hawapo. Mfugaji anajua: nyumbu wanazaa. Ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa ambao wao hauwadhuru, lakini ng'ombe akiupata karibu kila mara hufa. Kwa hiyo mfugaji huondoka kwenye nyasi bora na kupanda kwenye nyasi hafifu ili kuokoa ng'ombe wake. Asiyeuliza atachora eneo lile kuwa halina kazi na wafugaji, na lile la juu kuwa limeharibiwa kwa uzembe wao. Nami nawajua watu walioandika hivyo, kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Sheria, vijiji na hekta

Mtu mwingine atauliza ramani ya mchangani itamsaidia nini mfugaji mbele ya sheria. Ni swali la haki. Mtu asiye na karatasi hunyang'anywa, na mwendo wa ng'ombe peke yake haujawahi kumshinda mwenye hati. Lakini sheria zetu zina mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya pamoja ya kijiji, inaruhusu hati ya kimila kutolewa kwa kundi la watu, na inaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao si wafugaji bali wawindaji na wakusanya matunda na asali, walipata hati ya namna hiyo kwa zaidi ya hekta 20,000. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 na ile ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 nazo zimeongeza nguvu.

Mfano ninaoupenda ni wa Kiteto, wilaya ileile niliyoitaja kwa machozi. Vijiji vitatu vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikuwa vikitumia malisho, maji na mapito yaleyale. Kila kijiji kingepimwa peke yake, mipaka ingekata njia za ng'ombe vipande vitatu. Wakaketi pamoja, wakisaidiwa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Wizara yenye dhamana ya mifugo na wafadhili wa maendeleo ya nyanda za malisho. Wakachora ramani moja. Malisho yao ya pamoja wakayaita OLENGAPA, jina lililofumwa kwa vipande vya majina ya vijiji vyote vitatu, na kufikia mwisho wa mwaka 2015 walikuwa wametenga hekta zipatazo 20,700. Baadaye kijiji cha nne kikajiunga.

Tazameni hekima iliyomo. Mpaka wa nje umewekwa imara, una karatasi na mhuri, ili mgeni asiingie na jembe bila idhini. Ndani ya mpaka huo hakuna waya. Ng'ombe huenda na mvua. Uimara wa nje ndio unaoulinda uhuru wa ndani.

Wasukuma wa Shinyanga nao walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili nyasi zibaki za kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa karibu kutoweka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, mwanzoni ulihimiza kupanda miti ya kitaluni. Kisha ukawasikiliza wenyeji na kuzifufua ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa kwa njia hiyo. Hizo ni akiba za aina ileile ambayo mimi niliiita eneo lisilotumika.

Tahadhari

Hata hivyo sitaki niwadanganye kwamba ramani ni dawa ya kila ugonjwa. Ramani inayoonesha maji ya akiba humwonesha pia mtu anayetafuta ardhi ya kununua. Kwa hiyo wenyewe waamue yapi yaandikwe na yapi yabaki vinywani mwa wazee, na nakala ya kwanza ikae mikononi mwao. Aidha, ramani inaweza kuwapendelea wenye ng'ombe wengi na kumsahau mjane mwenye mbuzi sita. Na mkulima jirani naye aitwe, kwa maana amani isiyomhusisha ni amani ya upande mmoja. Wafugaji nao si malaika; wako wanaoingiza mifugo kwenye shamba la mtu usiku huku wakijua. Ramani iliyochorwa pamoja humwondolea mtu wa namna hiyo kisingizio cha kutokujua.

Maandiko hayakuficha mambo haya. Katika Mwanzo sura ya 13 wachungaji wa Abramu wanagombana na wachungaji wa Lutu kwa kuwa nchi haikuwatosha, na Abramu, aliye mkubwa, ndiye anayemwachia mdogo achague kwanza. Katika sura ya 26 Isaka anachimba visima, na kila kisima anakipa jina kutokana na yaliyotokea pale: Eseki na Sitna kwa ugomvi, Rehobothi kwa nafasi iliyopatikana. Majina yale yalikuwa ramani yake. Kila aliyepita na kutaja jina la kisima alijua historia ya maji yale. Wafugaji wetu hufanya vivyo hivyo. Mpimaji akifuta jina la mahali na kuandika namba, amefuta ushahidi.

Ombi langu kwa Usharika

Sasa nakuja nyumbani. Miaka mia moja iliyopita wazee wa nchi hii waliwapa waanzilishi wa Usharika mahali pa kujenga. Mahali hapo palikuwa malisho. Mmenieleza jana kwamba Baraza la Wazee limekusudia kuupima uwanja wote wa Usharika, kupata hati, na kujenga ukuta, ili kizazi kijacho kisinyang'anywe. Nasema ni vema, pimeni. Lakini jana jioni nilitembea mpaka nyuma ya nyumba ya mchungaji, nikaona njia ya ng'ombe iliyolika hata magotini, inayokata pembe ya uwanja kuelekea bondeni kwenye maji. Wakati huu imeota majani. Mtu akija na mchoro wiki hii, ataandika kwamba hakuna njia.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, kabla bikoni ya kwanza haijawekwa, wazee wa kanisa watembee mpaka wote pamoja na majirani wafugaji, wanaume kwa wanawake, walio Wakristo na wasio Wakristo. Tena watembee mara mbili, mara moja masika na mara moja kiangazi. La pili, pito lile la maji liandikwe kwenye mchoro kwa jina lake la zamani, na ukuta uliache wazi. Pembe ile ni ndogo. Waliotupa sehemu nyingine yote hawakutuomba malipo. La tatu, nakala moja ya mchoro ihifadhiwe pamoja na vitabu vya ubatizo, imeandikwa mwaka na majira yalipochorwa, na kila baada ya miaka kumi ifunguliwe na watu watembee tena.

Kwa nini tutembee tena? Narudi Tumbe kwa neno la mwisho. Chini ya mashamba ya kijiji kile wanaakiolojia wamefukua mabaki ya mji mkubwa ulioishi tangu karne ya 7 hadi ya 10. Kisha mji ule uliachwa, na jirani yake, mahali paitwapo Chwaka, ukainuka mwingine uliodumu mpaka karne ya 15. Naye ukaachwa. Leo watu wapo, wanalima, wanavua, wanahamisha kamba za ng'ombe wao juu ya miji miwili. Kama mtu angechora Tumbe ya karne ya 9 na kusema imekwisha, angekuwa amekosea kwa miaka elfu. Nchi huhama chini ya miguu ya watu, polepole kwa pwani, na kwa haraka zaidi kwetu huku ambako mvua mbili zikikosa, bonde zima hubadilika.

Wapendwa, wale vijana wawili niliowazika siwezi kuwarudisha. Ninaloweza ni kuwaomba ninyi msiandike maneno mawili niliyoyaandika mimi kabla hamjauliza maneno mawili aliyoniuliza mzee wa Tumbe. Mtakapokutana na fundi wa kupima, naye akawauliza mpaka uko wapi, msione haya kumwuliza: Mwezi gani?

Mungu aubariki Usharika huu katika miaka mia nyingine, awabariki majirani zake wote, na kuifungua njia iendayo majini.